Kisa cha boroni asenidi: hesabu ilisema 2000, kipimo kikasoma 200

Mwaka 2013 Lucas Lindsay, David Broido na Thomas Reinecke walichapisha hesabu iliyowashtua hata wenzao wa fani. Walisema fuwele ya boroni asenidi, kampaundi iliyokuwa imekaa miongo kadhaa bila kuangaliwa sana, ingepitisha joto kwa kiwango cha zaidi ya wati 2000 kwa mita kwa kelvini katika halijoto ya chumba. Ili namba hiyo ieleweke: silikoni ya chipu za kompyuta iko karibu na 150, shaba karibu na 400, na almasi, ambayo kwa miaka yote haikuwa na mpinzani, iko karibu na 2200. Miaka miwili baadaye fuwele halisi ikapatikana, ikapimwa, na kipimo kikasoma takriban 200.

Tofauti ya mara kumi si ya kufumbiwa macho. Ama hesabu ilikuwa imepotoka, ama fuwele ilikuwa mbovu, ama yote mawili. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kila moja ya dhana hizo ilikuwa na watetezi wenye hoja nzito, na kwa sababu jibu lililokubalika mwaka 2018 limetikiswa tena mwaka 2025. Namba zote za upitishaji nitakazotaja kuanzia hapa ni za kizio hichohicho.

Joto linabebwa na nini

Katika metali joto hubebwa zaidi na elektroni. Katika almasi, silikoni au boroni asenidi mambo ni tofauti: karibu elektroni zote zimefungwa kwenye vifungo vya kemikali, na kinachosafirisha joto ni mtetemo wa atomu zenyewe. Atomu moja ikisogea inamvuta jirani, jirani naye anamvuta wa pili yake, na wimbi linakwenda. Mwaka 1929 Rudolf Peierls aliandika mlinganyo unaoyachukua mawimbi hayo kana kwamba ni chembe zinazosafiri na kugongana. Miaka michache baadaye chembe hizo zikapewa jina: fononi.

Kuna jambo moja ambalo asiyelishika hataelewa kwa nini utabiri huu ni mgumu. Kama vifungo kati ya atomu vingekuwa springi kamilifu, fononi zingepishana bila kugusana, na fuwele safi kubwa isingelikuwa na ukinzani wowote dhidi ya joto. Ukinzani unatokana na ule upungufu mdogo wa springi: kifungo kikibanwa kinakuwa kigumu zaidi kuliko kinavyolegea kikivutwa. Ni upungufu huo unaoziwezesha fononi mbili kuungana na kuwa moja, au moja kupasuka na kuwa mbili. Kwa hiyo anayetaka kutabiri upitishaji wa joto hana budi kujua mitetemo iliyopo, kasi yake, na zaidi ya yote migongano inayoruhusiwa kutokea na nguvu ya kila mmoja.

Kabla ya kompyuta kuweza kazi hiyo, watu walitumia vigezo. Vinavyojulikana zaidi ni vinne alivyoviweka Glen Slack mwaka 1973: atomu ziwe nyepesi, vifungo viwe imara, muundo wa fuwele uwe sahili, na springi zikaribie ukamilifu. Almasi inavitimiza vyote. Boroni asenidi inakwama kwenye cha kwanza, kwa sababu atomu ya boroni ina uzito wa takriban 11 lakini ya aseniki ina 75. Ukiikadiria kwa vigezo hivyo unapata karibu 200. Namba hiyo tutakutana nayo tena, na ndiyo iliyokifanya kisa hiki kiwe kigumu kukitatua.

Hesabu ya 2013 iliona nini

Wale watatu hawakutumia vigezo. Walianza na elektroni. Mbinu iliyojengwa juu ya kazi ya Walter Kohn na wenzake ya miaka ya 1964 na 1965 inakokotoa nishati ya mpangilio wowote wa atomu kutokana na msongamano wa elektroni zake. Kwa lugha ya vitendo, unalijenga kwenye kompyuta bonge dogo la fuwele, unaisogeza atomu moja kwa sehemu ndogo sana ya umbali uliopo kati ya atomu, na unaiuliza kompyuta kila atomu nyingine inavutwa kwa kani gani. Unaisogeza tena, na tena, ukibadilisha mwelekeo. Majibu hayo yanakupa kipengele cha daraja la pili, ambacho ndicho springi, na kutoka kwake unapata masafa ya mitetemo yote. Ukisogeza atomu mbili kwa pamoja unapata kipengele cha daraja la tatu, yaani ule upungufu wa springi, na kutoka kwake nguvu ya migongano ya fononi tatu. Kisha mlinganyo wa Peierls unatatuliwa kwa kurudiarudia hadi jibu litulie.

Hakuna hatua hata moja ambayo mkokotoaji anarekebisha namba ili ifanane na upitishaji uliopimwa. Mwaka 2007 Broido na wenzake walikuwa tayari wameonyesha kwamba njia hii inatoa namba sahihi kwa silikoni na germaniamu. Ndiyo maana utabiri wa 2013 haukuweza kupuuzwa hivihivi.

Sasa tuiangalie boroni asenidi yenyewe kwa karibu. Mitetemo ya fuwele yenye aina mbili za atomu hugawanyika makundi mawili. Kundi la chini ni la akustika, ambamo atomu jirani husogea pamoja, na ndilo linalobeba joto karibu lote. Kundi la juu ni la optika, ambamo atomu jirani husogea kwa kupingana. Katika boroni asenidi kundi la akustika linaishia karibu terahezi 10 (terahezi moja ni mitetemo trilioni moja kwa sekunde), na la optika linakaa karibu terahezi 20. Katikati hakuna kitu. Pengo hilo ni zao la tofauti ya uzito: aseniki nzito inayashusha masafa ya chini, na boroni nyepesi inayapandisha ya juu.

Chukua fononi mbili za akustika, kila moja ya terahezi 7. Zikitaka kuungana zitazaa fononi ya terahezi 14, kwa kuwa nishati lazima ihifadhiwe. Katika silikoni, ambayo haina pengo, mitetemo ya terahezi 14 ipo, na momenta (kipimo cha mwendo wa fononi na mwelekeo wake) nazo zikikubaliana mgongano unatokea. Katika boroni asenidi terahezi 14 ni eneo tupu. Fononi zile mbili hazina pa kwenda, kwa hiyo zinapita zikiwa na mzigo wao wa joto. Ili kulifikia kundi la optika, zote mbili zingehitaji kuwa kwenye kilele kabisa cha kundi la akustika, na fononi za namna hiyo ni chache.

Pengo halikuwa peke yake. Matawi ya kundi la akustika, yaani aina za mawimbi yaliyomo ndani yake, katika fuwele hii yamebanana, na yanapobanana ni vigumu kupata fononi tatu za akustika ambazo nishati na momenta zake zote zinalingana. Zaidi ya hayo, aseniki yote ya asili ni isotopu moja, yaani atomu zake zote zina uzito uleule. Boroni ina mbili, asilimia 20 hivi nyepesi na 80 nzito zaidi, lakini katika mitetemo inayobeba joto mzigo mkubwa uko kwa aseniki, hivyo mchanganyiko wa boroni haudhuru sana. Kigezo cha kale kilimwona aseniki kama kasoro. Hesabu ilimwona kama yule anayefunga milango ya migongano. Kwangu hii ndiyo thamani kubwa ya kazi ile, hata kabla ya kuuliza kama 2000 ilikuwa namba sahihi: ilitaja sababu, na sababu inaweza kujaribiwa.

Kipimo cha 2015

Kuitengeneza fuwele hii ni mateso. Boroni huyeyuka kwenye nyuzi zaidi ya 2000 za Selsiasi, wakati aseniki, ambayo pia ni sumu, hugeuka mvuke ikiwa haijafika hata 700. Boroni asenidi yenyewe ikipita takriban nyuzi 920 huvunjika na kuacha kampaundi nyingine yenye boroni nyingi. Kwa hiyo huwezi kuiyeyusha ukaivuta kama silikoni. Hukuzwa ndani ya mrija wa kwatzi uliofungwa, kwa msaada wa mvuke kama wa iodini unaobeba malighafi kutoka upande wenye joto zaidi kwenda upande wenye joto pungufu, na baada ya wiki kadhaa unapata vipande vya milimita chache.

Vipande vya kwanza vilipotoa takriban 200, kishawishi kilikuwa wazi. Namba ilikaa palepale vigezo vya kale vilipokuwa vimeitabiri. Mtu mwenye haraka angesema Slack alikuwa sahihi na kompyuta imedanganya. Lakini namba mbili zinaweza kufanana bila sababu zake kufanana, na hapa ndipo inapofaa kushika kalamu.

Ukinzani wa joto ni kinyume cha upitishaji, na kwa makadirio ya haraka vyanzo vya ukinzani vinajumlishwa. (Kwa usahihi zaidi hujumlishwa fononi kwa fononi, lakini picha ni ileile.) Fuwele kamilifu ya 2000 ina ukinzani wa 0.0005. Ili ishuke hadi 200, ukinzani wote unatakiwa kuwa 0.0050, yaani kasoro zimechangia 0.0045. Sasa zipachike kasoro hizohizo kwenye silikoni. Ukinzani wake wa asili ni kama 0.0067, ongeza 0.0045 unapata 0.0112, upitishaji unakuwa karibu 90. Silikoni imepoteza asilimia 40 tu. Boroni asenidi imepoteza asilimia 90. Fuwele ambayo fononi zake hazigongani zenyewe kwa zenyewe inaumizwa na kila atomu iliyokosekana au iliyokaa mahali si pake, kwa sababu hakuna ukinzani mwingine wa kuificha kasoro hiyo.

Mwaka 2016 Broido na wenzake waliikokotoa athari ya nafasi tupu za aseniki na wakaonyesha kwamba hata zikiwa chache mno zinatosha kuubomoa upitishaji. Kwa hiyo kipimo cha 2015 kilikuwa sahihi kwa fuwele iliyopimwa, na hakikuwa hukumu juu ya fuwele ambayo hesabu ilikuwa ikiizungumzia. Hata hivyo sikubaliani na wanaokisimulia kisa hiki kana kwamba kasoro zilimaliza mjadala. Kasoro ni kisingizio rahisi mno. Nadharia yoyote mbaya inaweza kujificha nyuma yake miaka mingi. Hadi hapo hakuna aliyekuwa amethibitisha lolote.

Mgongano ulioachwa nje

Kosa halisi la hesabu lilikuwa mahali pengine, na lilikuwa linajulikana kwa jina. Mlinganyo ulihesabu migongano ya fononi tatu pekee. Migongano ya fononi nne ilikuwa imeachwa kwa sababu mbili: iliaminika kuwa dhaifu isipokuwa kwenye joto kali, na ilikuwa ghali mno kuikokotoa. Kwa kila fononi, idadi ya namna za kugongana nne kwa pamoja ni maelfu ya mara zaidi ya namna za kugongana tatu, na kila moja inahitaji kipengele cha daraja la nne.

Tianli Feng na Xiulin Ruan wa Chuo Kikuu cha Purdue walijenga njia ya kuifanya hesabu hiyo mwaka 2016. Mwaka 2017 wakachapisha matokeo pamoja na Lindsay, yule yule wa 2013. Boroni asenidi ilishuka kutoka karibu 2200 hadi karibu 1400 katika halijoto ya chumba. Namheshimu sana mtafiti anayetia jina lake kwenye kazi inayopunguza theluthi moja ya utabiri uliompa umaarufu.

Kwa nini fuwele hii iliguswa sana wakati almasi kwenye halijoto hiyo haikuguswa kwa kiasi hicho? Rudi kwenye pengo. Pengo lilizuia fononi mbili za akustika kuzaa moja ya optika. Lakini fononi ya akustika ya terahezi 7 inaweza kukutana na ya optika ya 20.5, zikatoka zikiwa 7.5 na 20. Jumla ni 27.5 kabla na baada. Hakuna aliyelazimika kulivuka pengo. Kila mmoja amebaki upande wake na wamebadilishana nishati kidogo. Mlango uliofungwa kwa watatu uko wazi kwa wanne. Na kwa kuwa migongano ya fononi tatu ilikuwa michache isivyo kawaida, ile ya nne haikuwa tena nyongeza ndogo ya kupuuzwa.

Vipimo vya 2018

Mwaka 2018 makundi matatu ya Marekani yalichapisha kwa pamoja katika jarida la Science, yakiwa na fuwele bora kuliko zote zilizotangulia. Moja lilipata 1000, ukibakisha nafasi ya makosa ya 90 juu au chini. Jingine, la Yongjie Hu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), lilipata 1300. La tatu, la Chuo Kikuu cha Houston na washirika wao, likapata zaidi ya 1000 mahali fulani kwenye fuwele.

Inafaa kujua kipimo chenyewe kinafanyikaje, maana namba hizi hazisomwi kwenye kipimajoto. Uso wa fuwele hupakwa tabaka la alumini lenye unene wa nanomita mia moja hivi. Mpigo wa leza unaodumu chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde unaipasha alumini ghafla. Mpigo wa pili, dhaifu, unafika ukiwa umecheleweshwa kwa kupitishwa njia ndefu zaidi kati ya vioo, nao unapima jinsi alumini inavyoakisi mwanga. Uakisi huo hubadilika kwa takriban sehemu moja katika elfu kumi kwa kila kelvini, na kutokana na badiliko dogo kiasi hicho unachorwa mstari wa namna alumini inavyopoa. Fuwele iliyo chini ikilichukua joto upesi, mstari unashuka upesi. Doa la leza lina upana wa maikromita chache tu, kwa hiyo kipande kimoja kinaweza kupimwa mahali pengi, na kweli mahali tofauti palitoa namba tofauti. Asiyejua hilo atadhani 1000 na 1300 zinagombana.

Namba hizo zilikaa vizuri na 1400 ya mwaka 2017, lakini kwangu ushahidi mzito zaidi ulikuwa mteremko. Ukipasha fuwele, ukinzani wa fononi tatu huongezeka sambamba na halijoto. Wa fononi nne huongezeka kwa mraba wake. Wa kasoro haubadiliki kabisa. Kama upungufu wote kutoka 2000 ungekuwa wa kasoro, upitishaji ungeshuka polepole fuwele inapopashwa. Vipimo vilionyesha unashuka haraka kuliko fononi tatu peke yake zinavyoweza kueleza, na ukaufuata mstari wa hesabu ya fononi nne. Kumbuka pia mpangilio wa miaka. Hesabu ilitangulia mwaka mmoja, kwa hiyo hakuna aliyepata nafasi ya kuikunja ifanane na kipimo.

Niliyo na shaka nayo

Ingekuwa rahisi kufunga faili hapo, na wengi walifunga. Lakini hesabu hizi zina sehemu laini ambazo msomaji wa nje haonyeshwi mara nyingi. Namna ya kukadiria mwingiliano wa elektroni inachaguliwa na mkokotoaji, na chaguo tofauti hutoa springi tofauti kidogo na upitishaji tofauti. Kipengele cha daraja la nne ni tete: ukiisogeza atomu kidogo mno kelele za kompyuta zinalimeza jibu, ukiisogeza sana unachanganya madaraja. Kwenye silikoni makosa hayo hayaonekani sana. Kwenye fuwele ambayo fononi nne zinabeba theluthi nzima ya jibu, yanaonekana.

Kisha mwaka 2025 kikundi chenye Zhifeng Ren wa Houston, pamoja na watafiti wa Santa Barbara, kikaripoti zaidi ya 2100 katika halijoto ya chumba. Walikuwa wameisafisha aseniki zaidi kabla ya kuikuza fuwele.

Turudi kwenye kalamu. Kushuka kutoka 2200 hadi 1400 kunamaanisha fononi nne zilikuwa zimeongeza ukinzani wa takriban 0.00026. Fuwele inayosoma 2100 inaacha nafasi ya 0.00002 tu kwa fononi nne na kasoro zote kwa pamoja. Hiyo ni chini ya sehemu moja ya kumi ya kilichokokotolewa. Kipimo hicho kikisimama, ama nguvu ya migongano ya fononi nne ilikadiriwa kupita kiasi, ama ukinzani wa fononi tatu nao ulikuwa umezidishwa tangu 2013 na fuwele kamilifu iko juu ya 2200, au mchanganyiko wa yote mawili. Na mteremko wa 2018, ulioonekana kuthibitisha fononi nne waziwazi, utahitaji maelezo mapya.

Ningeanzia hukohuko kwenye mteremko. Chukua fuwele hizi mpya, zipime kutoka kelvini 300 hadi 600, mahali palepale pa leza na kwa tabaka lilelile la alumini. Mstari ukishuka sambamba na kinyume cha halijoto, fononi nne ni dhaifu kuliko tulivyoambiwa, na kipengele cha daraja la nne kinatakiwa kukokotolewa upya kutoka mwanzo. Ukishuka kwa kasi zaidi ya hapo, fononi nne zipo kwa nguvu yake, na kosa la kutafutwa liko kwenye zile tatu.